Njia ya Pesa

Hostel, filamu aliyoiandika na kuiongoza Eli Roth mwaka 2005, ndiyo filamu chafu kuliko zote ninazozipenda. Wamarekani wawili na mwenzao wa Iceland wanazurura Ulaya wakitafuta wasichana na bangi. Wanashawishiwa waende Slovakia, na huko wanauzwa kwa matajiri wanaolipia raha ya kumtesa mtu hadi afe. Wengi huizima mapema, wakakosa ufundi.

Majeraha yale yalitengenezwa na karakana ya KNB ya Marekani, na yametengenezwa kweli. Lakini itazame sehemu ya kano za visigino. Muuaji anamkata mmoja wa wale Wamarekani, kisha anamfungua na kumwambia yuko huru. Kijana anasimama. Hapo ndipo visigino vinapoachama. Kisu kilishapita, kinachokuumiza ni kule kutumaini kwamba atatembea.

Na muuaji ni nani? Mfanyabiashara wa Kiholanzi aliyetamani kuwa daktari wa upasuaji, ila mikono yake inatetemeka. Mimi mtu wa Keroka, Kenya, siwezi kulipita hilo hivi hivi. Sisi Abagusii tulikuwa na omobari, mganga aliyepasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyepigwa ambaye kichwa kilikataa kuacha kumuuma. Ufundi huo uliandikwa hata katika jarida la Marekani la Annals of Plastic Surgery, mwaka 1985. Ungemtazama omobari kazini bila kujua anachofanya, ungekimbia kama wengi wanavyoikimbia Hostel. Tofauti ni kwamba omobari alilipwa ili akate, Mholanzi analipa ili akate. Roth aligeuza njia ya pesa tu, na kitisho chote kikatoka hapo.

Ndiyo maana filamu hii inatuingia hata sisi tusiozurura Ulaya. Hapa Keroka, mji uliokaa Kisii mguu mmoja na Nyamira mwingine, safari ya ng'ambo ni ya kazi. Dada anayekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani anajua kuna mwajiri aliyemlipa wakala kwa ajili yake. Katika filamu, Mmarekani ndiye ghali kuliko wote. Naye, tofauti na dada huyo, hakujua kwamba ana bei.

Waslovakia walilalamika, na wana haki, hasa kwa kuwa picha zenyewe zilipigwa Jamhuri ya Cheki. Sehemu ya pili, ya 2007, inaonyesha mnada waziwazi. Anza na ya kwanza, watoto wakishalala.