Nani Anaita Onyesho? Kilumi cha Kitui na Makueni na Tatizo la Kudumu kwa Sanaa za Maonyesho

Wahakiki wengi hupima mafanikio ya onyesho la nyimbo na uchezaji kwa idadi ya siku lilizokaa jukwaani. Kipimo hiki kimekomaa katika kumbi za Broadway, New York. Huko, The Phantom of the Opera lilifunguliwa tarehe 26 Januari 1988 na kufungwa tarehe 16 Aprili 2023, baada ya kuonyeshwa mara 13,981. Hata hivyo, nyuma ya tarakimu hiyo kuna gharama za kila wiki: kodi ya ukumbi, mishahara ya waigizaji na wapigaji muziki, matangazo. Mapato ya tiketi yasipofikia gharama hizo, onyesho hufungwa, na mengi hufungwa kabla ya kurudisha mtaji. Kudumu, kwa maana hii, ni kudumu kwa mnunuzi.

Kipimo hicho kikipelekwa Kitui na Makueni hukwama. Kilumi, ngoma ya Wakamba inayoongozwa hasa na wanawake wazee, hakina msimu wala tiketi. Huchezwa pale panapozuka haja: mtu anapopagawa na aimu, yaani pepo za wahenga, au mvua inapokatika katika nchi hii kavu ambayo mkulima wake hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba. Wenye haja huwaita wapigaji, nao hutoa chakula, kinywaji na, inapobidi, mnyama wa kafara. Kiongozi huanzisha wimbo, umati huitikia, na mipaka baina ya fanani na hadhira hulegea. Haja ikitimia, ngoma hunyamaza. Kunyamaza huko si kufungwa, kwani haja ikirejea ngoma nayo hurejea.

Nadharia iliyozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili, tangu Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976) ya Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, huzingatia dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja na watazamaji. Mihimili hii hueleza vyema jinsi onyesho linavyokuwapo, lakini haielezi linavyodumu. Mfano wa kilumi unadai mhimili wa tano: mwitaji, yaani yule mwenye haki ya kuliita onyesho na wajibu wa kuligharimia.

Historia ya Kenya inathibitisha uzito wa mhimili huo. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walijenga uwanja wao wa wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyojaa nyimbo na ngoma. Onyesho lilianza tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba kibali kikaondolewa. Watazamaji walikuwa bado wanafurika. Kilichokatazwa hasa ni kijiji kujifanya mwitaji wa sanaa yake chenyewe.

Kilumi nacho kimepigwa vita, ingawa kwa njia nyingine. Africa Inland Mission, iliyojenga kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, iliwakataza waumini wake ngoma za jadi. Hapa hapakuwa na haja ya kuondoa kibali. Ilitosha kumtoa mwitaji. Familia iliyoacha kuamini aimu haikuwa tena na sababu ya kuwaita wapigaji.

Baada ya uhuru walipatikana waitaji wapya. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, iliajiri wachezaji wa ngoma za makabila mbalimbali, zikiwamo za Wakamba. Tamasha la Muziki la Kenya nalo liliwapa wanafunzi jukwaa la ngoma hizo. Mchango huu haufai kubezwa, maana vijana wengi wasingezijua hatua wala midundo bila ya tamasha. Lakini mwitaji mpya huja na masharti yake. Mtalii huhitaji burudani ya alasiri moja; mwamuzi wa tamasha huhesabu dakika na kutoa alama. Ngoma ambayo mwisho wake uliamuliwa na mgonjwa kupata nafuu sasa huamuliwa na saa. Fani huhifadhiwa, huku dhima ikibadilika.

Je, mabadiliko hayo ni kifo? Kudai hivyo ni kuifanya jadi kuwa kitu kisichogeuka, jambo ambalo kilumi chenyewe hulikanusha kwa kubuni nyimbo kulingana na tukio. Hatari iko kwingine. Sanaa yenye mwitaji mmoja tu, awe ni mnunuzi, serikali au tamasha, huishi kwa hisani yake na hufa anapogeuza uso. Broadway na Bomas zinafanana kwa hili kuliko inavyodhaniwa.

Utafiti wa P. N. Kavyu, Drum Music of Akamba (1986), umewapa wanamuziki msingi wa kuanzia. Wanafasihi wangali na deni. Kunukuu maneno ya nyimbo hakutoshi. Kila onyesho linalorekodiwa Kitui au Makueni liandikwe pamoja na aliyeliita, alichotoa na haja iliyomsukuma. Wanawake wanaoyajua hayo ni wazee. Wakiondoka, maktaba zitabaki na matini zisizo na sababu ya kuimbwa.