Toyota 86 iliyoteremshwa uani: tuangalie ndani ya shokapu

Magari mengi yanayofika gereji za Dar es Salaam kwa ajili ya springi huja kupandishwa, si kuteremshwa. Yanatoka Japani yakiwa chini, yanakutana na matuta na rasta, wenyewe wanayatia spesa. Kwa hiyo nilipoitwa Tabata kuangalia Toyota 86 ambayo mwenyewe, kijana mmoja, ameiteremsha mm 25 uani kwao kwa jeki, stendi na boksi la spana, sikuanza kwa kusifia jinsi tairi lilivyosogea karibu na madigadi. Nilitaka kujua shokapu imebakiwa na safari kiasi gani.

Safari ni umbali ambao shokapu inaweza kubonyea kabla ya kugonga stopa, ile raba iliyovikwa kwenye rodi yake. Springi fupi huila safari hiyo kabla gari halijatoka getini. Tufanye hesabu kwa namba za mfano. Tuseme springi ya kiwandani inahitaji niutoni 25 ili ibonyee mm 1, na gari likiwa limesimama safari iliyobaki ni mm 60. Ili shokapu ifike kwenye stopa, tuta au shimo lazima lisukume kwa niutoni 1,500 za ziada. Sasa weka springi fupi iliyo ngumu zaidi kwa asilimia 25, gari lishuke mm 25. Safari inabaki mm 35, na niutoni 1,094 hivi zinatosha kuimaliza. Springi ni ngumu zaidi, lakini gari linagonga mapema zaidi! Kurudisha kinga ileile kungehitaji springi iliyo ngumu kwa asilimia 71 kuliko ya kwanza, na hiyo shokapu ya kiwandani haiwezi kuituliza. Gari lingedundadunda barabara nzima.

Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa springi huelekeza kwamba stopa ikatwe kwa kipimo fulani, ili sehemu ya safari irudi. Kijana alisoma karatasi iliyokuja na springi zake, akakata kipimo hicho na si zaidi. Wapo wanaoitupa stopa yote wakidhani ndiyo inayoleta ugumu. Hao shokapu zao hujigonga zenyewe ndani kwa ndani, na haupiti muda zinavuja mafuta.

Kazi yenyewe ya mbele si ngumu. Springi na shokapu ni mnara mmoja, umefungwa juu kwa nati tatu chini ya boneti, na chini kwa bolti mbili kubwa kwenye chuma kinachobeba habu. Unafungua linki ya stebilaiza, unachomoa vishikizo vya hosi ya breki na waya wa ABS, unapiga alama ya chaki mahali chuma kilipokaa, kisha unatoa mnara. Hatari inaanza hapo. Nati ya katikati, ile ya juu kabisa, haiguswi mpaka springi iwe imebanwa kwa vibanio viwili vinavyotazamana, vikikazwa kidogo kidogo kwa zamu. Springi ya mfano wetu ikibanwa mm 100 inasukuma kwa niutoni 2,500, sawa na uzito wa zaidi ya kilo 250, na kibanio kikiteleza hakuna mkono wa kuizuia. Asiye na vibanio imara ang'oe minara nyumbani, aipeleke gereji ibadilishwe springi, arudi kuifunga mwenyewe. Si aibu.

Gereji bubu zina njia yao ya mkato: duara moja la springi linakatwa kwa grenda, au springi inapashwa moto mpaka inywee. Springi yenye maduara 6 yanayofanya kazi ikibaki na 5, ugumu unapanda kwa asilimia 20 tu, na mwisho uliokatwa haukai tena sawasawa kwenye kikalio chake. Moto ndio mbaya kabisa, maana unaua uimara ambao chuma kilipewa kiwandani.

Nyuma, kijana alifanya jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Bolti zinazopita kwenye bushi za wishiboni, ile mikono inayoshika magurudumu, alizikaza kwa mkono kwanza, akalishusha gari juu ya mbao ili magurudumu yabebe uzito, ndipo akazikaza kwa spana ya kupimia nguvu. Bolti hizo zikikazwa gurudumu likining'inia, raba ya bushi inakaa imejisokota siku zote, na itapasuka kabla ya wakati.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Injini ya 86 ni bokseri, pistoni zake zimelala, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko chini tangu kiwandani. Kuliteremsha gari mm 25 kunakishusha kwa karibu kiasi hichohicho. Lakini kwa muundo huu wa mbele, ile nukta ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona hushuka zaidi ya hapo, kwa sababu wishiboni inapoteza mteremko wake kuelekea gurudumu. Kadiri nukta hizo mbili zinavyoachana ndivyo bodi inavyopata nguvu ya kulala. Sehemu ya ugumu mpya wa springi, basi, inatumika kulipia deni ambalo springi hiyohiyo imelileta. Kwa mm 25 deni ni dogo. Kwa mm 50 ni pesa nyingi kwa gari lililopendeza tu.

Alaimenti aliifanya baada ya springi kukaa, na ndivyo inavyotakiwa. Tairi likilika upande wa ndani wengi hulaumu mlalo wa gurudumu, ilhali mara nyingi kinacholitafuna zaidi ni mwelekeo: magurudumu yanaangaliana au yanakwepana.

Kwa shokapu za kiwandani na barabara zetu, mm 25 ndio mwisho ninaoukubali kwa gari la kila siku. Anayetaka kushuka zaidi anunue springi na shokapu zilizotengenezwa ziende pamoja, na kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, aliache gari lilivyo.