Kipenga Hupandishwa na Ripoti

Februari 20, 2016, kwenye Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, mechi ya watani Yanga na Simba ilichezeshwa na mwanamke: Jonesia Rukyaa, mwamuzi wa Kagera mwenye beji ya FIFA. Yanga ilishinda 2-0, na beki wa Simba, Abdi Banda, akatolewa kipindi cha kwanza kwa kadi ya pili ya njano. Mashabiki walibishania kadi. Mchambuzi anauliza jambo lingine: mwamuzi anatokaje Kanda ya Ziwa hadi kukabidhiwa mechi kama ile?

Kwenye karatasi ngazi ni fupi. Kozi ya awali ya sheria 17 na mtihani wake humpa mtu daraja la tatu. Anaanza kupuliza ligi ya wilaya, iwe Ilemela, Magu au Sengerema mkoani Mwanza, pamoja na mechi za shule. Kisha daraja la pili, la kwanza, na juu kabisa beji ya FIFA.

Kigingi cha kwanza ni mbio. Kipimo cha FIFA kwa mwamuzi wa kati mwanamume kina sehemu mbili. Kwanza, mita 40 mara sita, kila mara kwa sekunde 6 au chini. Kisha anakimbia mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, mara 40 mfululizo: kilomita nne nzima. Filimbi ikilia hujafika alama, unaonywa. Ukirudia, siku imeisha. Wanawake hupewa sekunde 17 kukimbia na 20 kutembea. Sekunde hizo mbili ndizo pengo ambalo mwanamke anayechezesha wanaume lazima alizibe, kwa miguu na kwa kusoma mchezo mapema, ili tukio limkute karibu.

Kigingi cha pili hakionekani jukwaani. Mechi hazigombewi, hupangwa. Mtathmini wa waamuzi hukaa na kalamu akiandika ripoti: mwamuzi alisimama wapi faulo ilipotokea? Aliona bendera ya msaidizi wake? Aliacha mchezo uendelee pale aliyechezewa rafu alipobaki na nafasi nzuri? Kadi ya pili ya njano mapema, katika mechi ya watani, hupimwa hivyo hivyo.

Hata beji si mali ya mtu. Shirikisho la soka la nchi hupeleka majina FIFA kila mwaka, na kanuni zimedai mwamuzi wa kati awe na angalau miaka 25 na awe amechezesha ligi ya juu nchini mwake kwa miaka miwili. Njia ya kwenda nje, basi, inapita Ligi Kuu, na ya Ligi Kuu inapita kwenye ripoti za chini.

Hapo ndipo Mwanza inapaswa kujitazama. Kijana anayepuliza kwenye viwanja vya Kirumba au Nyamagana yuko mbele ya macho ya wakubwa. Wa Nansio, Ukerewe, anavuka ziwa ndipo aonekane. Akichezesha vizuri kisiwani bila mtathmini, kazi yake haiingii kwenye hesabu ya kupanda. Kozi mpya zitaongeza vyeti. Watathmini wakipelekwa wilayani ndio watakaoongeza waamuzi.