Kiti cha Mbele ya Garimoshi

Nianze kwa kukiri kwamba kitabu chenyewe nilikinunua kwa dhihaka. Kilikuwa kimelala chini juu ya gunia, pale Tom Mboya wanapouza vitabu vya mitumba, katikati ya kitabu cha hesabu za darasa la nane na Biblia isiyo na jalada. Kijitabu chembamba, kurasa sitini na kitu. Mgeni amekaa Nairobi siku tatu, peke yake, kisha akarudi kwao akaandika habari zetu. Shilingi hamsini. Nikasema moyoni, Jumamosi hii nina cha kuwachekesha wenzangu kwenye kikao chetu cha waandishi. Mwandishi wake simtaji. Si mtu wa jina, ni mama mmoja tu aliyechapisha kwa pesa zake, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na aina ya hadithi aliyoiandika.

Na aina hiyo mnaijua, hata kama hamjasoma hata moja. Ndege inatua usiku. Dereva wa teksi anatabasamu. Alfajiri, kabla jua halijatoka, msafiri yuko ndani ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, gari limefunguliwa paa, kasimama kama mbunge anayepungia watu mkono. Saa tano asubuhi yuko kwa ndovu mayatima wa Sheldrick, wanaofunguliwa watu kwa saa moja tu. Alasiri yuko Lang'ata anamlisha twiga. Jioni ni nyama choma. Kesho yake ananunua kikapu, anaingia ndege, kwaheri. Nimesoma za namna hii nyingi na zinafanana kama shilingi kwa ya pili.

Shuleni tulifundishwa kupima kazi ya fasihi kwa fani na maudhui, tukamaliza kidato cha nne tukidhani hakuna kipimo kingine duniani. Haya, nikipime hivyohivyo. Wahusika: katika kurasa sitini na kitu nilihesabu binadamu mmoja tu mwenye jina, naye ni mwandishi mwenyewe. Lakini ndovu wachanga wana majina wote, kwa sababu watunzaji wao huyataja kwa wageni, pamoja na mahali kila mmoja alipookotwa na jinsi mama yake alivyokufa. Basi ndovu ana kwao, ana msiba, ana tabia. Mmoja mtundu, mwingine mpole. Dereva aliyemzungusha mama huyu siku tatu ana meno tu. Hatujui anakaa Kayole au Kawangware, hatujui gari ni lake au la tajiri.

Mpaka hapo sijasema jipya. Binyavanga Wainaina alishayasema mwaka 2005 katika insha yake ya kejeli kuhusu namna ya kuiandika Afrika, akatoboa hasa hilo la wanyama kupewa utu ambao watu wamenyimwa. Tulicheka sana. Bado tunacheka. Nami nilitaka kuandika uhakiki wa kucheka, ukurasa mmoja, nimalize.

Kilichonizuia ni kiti.

Nifafanue. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka 1907 akaja Winston Churchill, kijana bado, waziri mdogo wa mambo ya makoloni, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Humo anaeleza jinsi alivyosafiri akiwa ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele kabisa ya garimoshi, mbele ya injini, akitazama wanyama wakipita huku na huku. Mwaka 1909 akaja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, naye akakaa kiti kama hicho na kuandika kama hivyo. (Huyu alikuja na bunduki. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500, wakisema ni kwa ajili ya makumbusho.) Fikiria kile kiti. Upepo unakupiga usoni, nyati na punda milia wote wanakuja kwako, na wewe huwezi kushuka wala wao hawawezi kupanda. Kinachokusukuma kiko nyuma yako, hukioni: makaa, moto, watu wanaochochea. Unaona kila kitu ila kilichokuleta.

Nadhani hadithi zote za siku tatu zimeandikwa kutoka kiti kile. Umbo lake tu limebadilika. Likawa gari la paa wazi. Tangu mwaka 2019 limekuwa pia garimoshi la reli mpya inayopita juu ya mbuga kwenye nguzo, abiria anachungulia chini anamwona twiga kama mdoli. Kwa hiyo kosa la mama yetu si kwamba ameandika wanyama. Ni kwamba kaandika kutoka mahali ambapo hakuna kinachoweza kumfikia.

Isipokuwa mara moja. Kuna ukurasa, wa arobaini hivi, ambapo yuko kwa twiga. Kashika chakula mkononi, kageuka apigwe picha, kasahau kumpa mnyama. Twiga akampiga kichwa begani. Si kwa kumwumiza, lakini barabara. Mama wa watu akayumba, kofia ikaanguka, chakula kikamwagika, watoto wa shule wakaangua kicheko, na mfanyakazi wa pale akamwambia kwamba kosa ni lake, amemwita mgeni mezani kisha akaficha sahani. Anaandika kwamba aliona haya, kisha akakasirika, kisha hakujua amkasirikie nani. Sentensi zinakuwa fupi. Sifa za mandhari zinakwisha. Kwa nusu ukurasa tuna watu watatu na mnyama mmoja mahali pamoja, na kila mmoja anataka kitu. Kisha anarudi garini, na kitabu kinarudi kulala.

Nusu ukurasa huo ulinikera kwa sababu ni mzuri. Ni mzuri kuliko sura yangu ya nne.

Jumamosi ile nilisoma vipande vyake kikaoni, nikiiga sauti ya mtalii, wenzangu wakacheka mpaka machozi. Halafu zamu yangu ya kusoma kazi yangu ikafika. Riwaya yangu inatokea Ongata Rongai, ambako nimekulia. Sura ya nne, vijana wawili wanatoka kazini mjini, wanateremka matatu ya 125 usiku, wanatembea kwenda nyumbani wakizungumza juu ya mshahara ambao haujalipwa. Niliipenda sana sura hiyo. Nilipomaliza, mzee anayetutunzia ukumbi, Mmaasai wa upande wa Tuala ambaye huwa anakaa mlangoni kimya na fimbo yake, akauliza kama anaweza kusema neno.

"Kijana, hao vijana wako wanashuka saa ngapi?"

"Saa nne usiku, mzee."

"Na wanapita kwa miguu, kando ya mbuga?"

"Ndiyo."

"Na fisi hayumo?"

Nikamwambia, mzee, hii si hadithi ya wanyama, ni ya vijana na kazi. Akanitazama kwa huruma. "Sawa," akasema, "lakini saa nne usiku Rongai, fisi yumo. Umwandike usimwandike."

Hakucheka mtu.

Ndugu zangu, nilirudi nikapekua muswada wangu, kurasa 140. Wanyama niliowakuta ni mbwa mmoja na panya. Nikapekua hadithi za wenzangu katika matoleo yetu yaliyopita. Hata wale korongo wakubwa wenye vipara wanaokaa juu ya miti ya karibu na Uwanja wa Nyayo, tunaopita chini yao kila siku tukiomba wasitunyee, hawamo. Kima wa City Park wanaompokonya mtu ndizi mkononi, hawamo. Tumeogopa kufanana na mtalii, tukaufagia mji mzima. Yeye kaandika Nairobi isiyo na watu. Sisi tumeandika mji ambao ungeweza kuwa popote penye matatu. Nasi pia tuna kiti chetu, na kimetazama upande mwingine.

Na hapa si mapambo tunayozungumzia. Mbuga ile ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 117, na imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa nne, kusini, ni mto Mbagathi na uwanda ulio wazi. Wanyama huingia kiangazi kufuata maji na kutoka mvua ikinyesha, au ndivyo walivyozoea kabla uwanda wa Kitengela haujakatwakatwa ploti za hamsini kwa mia. Anayejenga pale ni nani? Ni mwalimu, ni polisi, ni dereva wa yule mama, amelipa kwa mkopo wa chama, kazungusha waya wake, na waya huo umefunga njia ya nyumbu. Hana kosa. Nyumbu naye hana kosa. Niambieni, kama huo si mgogoro wa riwaya, mgogoro ni upi?

Juni 2012, simba waliingia katika boma moja Kitengela wakaua mbuzi, na wenyeji wakawaua simba sita. Machi 2016, simba alimjeruhi mtu kando ya Barabara ya Mombasa, magari yakipita. Mwisho wa mwezi huohuo mwingine, aliyekuwa maarufu kwa jina la Mohawk, akapigwa risasi Isinya mbele ya umati. Februari 2024 fisi walimvamia mwanafunzi wa chuo kikuu upande wetu wa Rongai, wenzake wakaandamana. Aprili 2025 simba alimuua msichana wa miaka 14 kusini mwa mbuga. Haya yote tuliyasoma kama habari, tukayaongea kwenye matatu siku mbili, yakapita. Hayakuingia katika hadithi hata moja ya kikao chetu.

Mwenzangu mmoja, ambaye kwa Kiswahili sanifu ananishinda mbali, alinipinga vikali. Alisema tukianza kuweka simba katika hadithi zetu tutakuwa tunawapikia wageni chakula wanachokijua, na kwamba kazi yetu ni kuonyesha kwamba hapa kuna ofisi, mapenzi na kodi ya nyumba. Hoja nzito, nami sikuweza kumjibu siku ile. Jibu langu la leo ni kwamba wanyama hawakuja kwetu na mtalii. Waliomo katika ngano za bibi zetu ni sungura na fisi. Shaaban Robert katika *Adili na Nduguze* ana manyani wawili wanaopigwa kila usiku, na aibu ya kitabu kizima imekaa juu ya migongo yao kwa sababu tunajua ni ndugu wa yule anayewapiga. Hakuna aliyesema Shaaban anawapikia wageni. Mnyama pale ni jambo la familia.

Tena ziko hadithi tayari, zinatusubiri. Mtazame Richard Turere, mvulana wa Kimaasai wa ukingoni mwa mbuga hiyohiyo, aliyepewa kazi ya kulinda ng'ombe wa babake akiwa mtoto. Akajaribu moto, ukawasaidia simba kuona. Akajaribu sanamu la mtu. Siku ya kwanza simba wakaliogopa, siku ya pili wakaliona halisogei, wakala ng'ombe. Kisha akagundua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea, akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi, akafunga taa za kumetameta kuzunguka boma. Mwaka 2013 alizieleza mwenyewe jukwaani huko Marekani. Yeye mwenyewe alisema kwamba hapo mwanzo aliwachukia simba. Kijana wa jua kali, baba, ng'ombe, chuki, majaribio mawili yaliyoshindwa: mwandishi gani anataka zaidi? Tunayemwita msafiri angempita kwa gari. Sisi je? Tulimpita kwa matatu.

Nirudi kwa kijitabu changu, maana ni uhakiki huu, si hotuba. Lugha yake ni nyepesi na safi, na hilo si dogo. Sura ya ndovu ni ndefu mno na imejaa machozi ya bei rahisi. Sura ya nyama choma ingefutwa yote. Sehemu ya mbuga, alfajiri, ina kosa moja kubwa: mwandishi anaona majengo ya mji nyuma ya kifaru na anayaona kama ajabu ya picha, hajiulizi nani anaamka kule ghorofani na anaona nini akitazama huku. Swali hilo moja lingempa kitabu. Lakini yule twiga aliyempiga kichwa ningemwomba mama huyu amrudie, amwandikie kurasa kumi, na mfanyakazi yule ampe jina.

Mimi sura ya nne nimeichana. Vijana bado wanashuka saa nne, bado mshahara haujalipwa. Sasa mmoja ana tochi isiyo na betri na anaona haya kusema kwamba anaogopa. Fisi analia mara ya kwanza mwisho wa ukurasa wa 31, upande wa kichinjio. Mzee wa ukumbi ameniambia nimemweka mbali sana.