Ujuzi na Dhana katika "Kinjeketile"

Mwanafunzi wa falsafa hufundishwa mapema kwamba Plato alitenga ujuzi na dhana: dhana yaweza kuwa kweli kwa bahati, bali ujuzi hudai sababu. Katika milima ya Uluguru, Morogoro, watu walimwendea Kolelo pangoni kuomba mvua. Na mvua ikichelewa, yawezekana kungoja. Maji ya mwaka 1905 hayakutoa nafasi hiyo, kwani risasi hujibu papo hapo. Hapo ndipo Ebrahim Hussein alipomweka mtu wake katika "Kinjeketile" (1969). Msomaji amwitaye mwongo amekosea: mwongo huujua ukweli akauficha, naye Kinjeketile ashuku chanzo cha neno lake mwenyewe, hali wafuasi wamekwisha kuliamini. Mwishoni Wajerumani wamtaka ayakane maji. Akataa, maana kukana kwake kungefanywa ushahidi kwamba kupigania haki nako kulikuwa uongo.