Picha tuliiona, safari ya diski hatukusimuliwa

Wandugu, picha ya shimo jeusi la M87, iliyotoka tarehe 10 Aprili 2019, ni kazi nzuri kweli. Namna ilivyosimuliwa ndiyo sikuipenda. Darubini zilisifiwa, njia ya data ikapitwa haraka. Na bila kukutanisha data za vituo vyote, hakuna picha! Zile za Aprili 2017 zilikuwa nyingi mno kwa intaneti, diski zikapanda ndege. Za Ncha ya Kusini zilingoja miezi mpaka baridi kali iishe. Sisi tunaopeleka flashi Kindu kwa pikipiki tungeelewa mara moja. Ulaya, darubini kadhaa hutuma data kwa nyaya za kasi mpaka Dwingeloo, Uholanzi, zikalinganishwa papo hapo. Basi nikisikia dishi la Longonot, Kenya, ligeuzwe darubini, siulizi upana wake. Nauliza: waya wa pale unabeba kiasi gani kwa sekunde?