Kasisi wa Oyo na Kazi ya Kusikiliza

Historia ya Oyo haikuwa na kabati la nyaraka. Ilikuwa vinywani mwa koo maalumu katika jumba la Alaafin, mfalme wa Oyo, ambazo baba alimrithisha mwana kazi ya kukumbuka. Hao ndio arokin: manju wa mfalme, wapiga ngoma wake, waghani wa sifa za waliotangulia. Habari wanazotoa huja zimefungwa ndani ya sifa na mdundo. Anayetaka kuzifungua hana budi kukijua Kiyoruba cha ndani, ajue ni nani anayesifiwa na kwa tukio gani. Mchungaji Samuel Johnson alianzia hapo alipoandika kitabu chake cha historia ya Wayoruba.

Alizaliwa mwaka 1846 Hastings, Sierra Leone. Baba yake alikuwa Myoruba aliyekombolewa kutoka utumwani. Samuel alikuwa bado mtoto familia iliporejea katika nchi ya Wayoruba na kukaa Ibadan, kwenye misheni ya David na Anna Hinderer. Alisoma Abeokuta, akafundisha shule Ibadan, akawa katekista mwaka 1875 na shemasi mwaka 1880. Baadaye alipelekwa Oyo kuchunga kanisa, na huko ndiko alikokaa hadi alipofariki mwaka 1901. Ibada, ubatizo na mazishi vilikuwa ajira yake. Kitabu kilipata muda uliobaki.

Tazama alivyowapanga mashahidi wake. Kwa wafalme wa kale aliwategemea arokin, kwa kuwa hakuna aliye hai aliyewaona. Kwa vita vya karne ya 19 aliwatafuta watu ambao mambo yaliwapitia mwilini. Alimsikiliza David Kukomi, mzee wa kanisa la Ibadan, ambaye ujanani alipigana kama askari wa kawaida. Alimsikiliza Josiah Oni, mfanyabiashara jasiri wa nyakati zile. Alimsikiliza Lagunju, Timi wa Ede, mtawala aliyesifika kote kwa kuijua historia ya nchi. Mwanzoni mwa kitabu anawashukuru kwa majina. Naipenda sana adabu hiyo: msomaji anajua tangu mwanzo maneno yametoka kwa nani.

Kisha kuna mambo aliyoyaona mwenyewe. Vita vya Kiriji, kati ya Ibadan na muungano wa Ekiti na wenzao, vilianza mwaka 1877 naye yupo Ibadan. Aliandika shajara kwa ajili ya CMS, shirika la misheni lililomwajiri. Mwaka 1881 Alaafin Adeyemi alimtuma Lagos na barua ya kuomba serikali ya Kiingereza isaidie kuleta suluhu. Mwaka 1886 yeye na Mchungaji Charles Phillips walitumwa kwenye kambi za vita, wakazungumza na pande zote hadi mkataba ukatiwa saini. Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya kitabu imejaa hivyo. Kila chifu ana neno lake, kila mjumbe ana njia aliyopita, na mikataba yenyewe imewekwa nyuma, kwenye viambatisho.

Ugumu mkubwa ulikuwa wakati. Utaipangaje karne moja baada ya nyingine pale ambapo hakuna aliyeandika mwaka? Johnson aliweka tawala za Alaafin zifuatane, kila mfalme na mlango wake. Tawala hizo zilipovurugika, alishika vita vyenye majina: Gbanamu, Eleduwe, Batedo, Jalumi. Tarehe zinaanza kujitokeza kadiri anavyoukaribia wakati wake mwenyewe. Katika habari za mwanzo kabisa hakujaribu kuwageuza wafalme wa visa kuwa watu wa kalenda. Aliwapa sehemu yao peke yao, pamoja na mashujaa waliogeuzwa miungu.

Lakini ninaporudi kwenye kitabu hicho, hurudi kwenye sehemu ya kwanza, kabla ya wafalme kuanza. Aliandika kwa Kiingereza, lakini alitanguliza sarufi fupi ya Kiyoruba. Halafu anashughulikia majina: Taiwo ni pacha anayetangulia kutoka, Kehinde ni anayemfuata, Idowu ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, Ige ni aliyetanguliza miguu. Anafika kwenye chale za uso na kuzieleza moja moja, pamoja na michoro. Abaja ni mistari mitatu au minne iliyolala sambamba shavuni, na kila aina nyingine ina idadi yake na mahali pake. Hakuna haraka katika kurasa hizo. Ni mtu aliyeinua macho akahesabu nyuso za majirani zake.

Alisimama Oyo na Ibadan, na kitabu kinaitazama nchi kutoka huko. Ijebu na Ekiti hawakupata uangalifu uleule, na wanahistoria waliomfuata wamelisema hilo, kwa haki.

Mswada ulikamilika mwaka 1897. Mwaka 1899 ulipelekwa Uingereza kwa mchapishaji kupitia shirika la misheni, nao ukapotea. Johnson alifariki bila kitabu. Mdogo wake Obadiah, daktari wa Lagos, alikusanya madondoo na rasimu zilizobaki, akaanza kuandika upya. Alifanya kama msusi ambaye mkeka wake umeibwa, naye akatafuta kili zilizosalia nyumbani na kuzishona tena. Mswada mpya ulisafirishwa mwaka 1916 kwa meli ya Appam. Wajerumani wakaiteka meli hiyo na kuipeleka Marekani, hivyo karatasi zilichelewa sana kumfikia mchapaji. Obadiah alifariki mwaka 1920. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, na katika ukurasa wa jina Samuel ndiye mwandishi. Obadiah, aliyekiandika upya, alijiita mhariri.